Ninakwenda kusoma Uchina: nitaishije na imani yangu, na nitashuhudiaje?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, natokea Iringa, ni Mlutheri. Nimepata ufadhili wa kusoma shahada ya pili kwa miaka mitatu katika mji wa Jinhua, mkoa wa Zhejiang. Mjomba wangu hununua bidhaa Yiwu, anasema ni jirani. Mchungaji wetu alinisimamisha mbele ya usharika akatangaza kwamba natumwa kupanda kanisa, na kwaya imechanga fedha za kununua Biblia za Kichina nikazigawe huko. Lakini dada mmoja aliyesoma Uchina ameniambia nikifika nifiche kabisa kuwa ni Mkristo, nisisali hata kabla ya kula, la sivyo nitafukuzwa. Nimsikilize nani? Nataka kuishi kama Mkristo na nataka kushuhudia, ila sitaki kurudishwa nyumbani bila cheti.

Jibu

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa ufadhili.

Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, ingawa mchungaji wako ndiye aliyekosea zaidi. Dada anakutisha kwa jambo lisilompata mwanafunzi: hakuna anayefukuzwa Uchina kwa kuinamisha kichwa juu ya sahani ya wali. Mchungaji naye anakutuma ukafanye lile hasa ambalo sheria ya nchi unayokwenda imelitaja waziwazi na kulikataza, tena kwa viza inayosema unakwenda kusoma. Halafu kuna jambo ambalo wote wawili hawakuligusa, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: ukikosea huko, atakayeumia sana si wewe.

Nianze na sheria, maana wengi wanaizungumza kwa kusikia tu. Katiba ya Uchina, ibara ya 36, inampa raia uhuru wa kuamini dini, inalinda kile inachokiita shughuli za kawaida za dini, na inasema mambo ya dini yasiwe chini ya mamlaka ya kigeni. Serikali inatambua dini tano: Ubuddha, Utao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti. Ndiyo maana utaulizwa kama wewe ni Mkristo au Mkatoliki, kana kwamba ni dini mbili. Kwenye madaftari yao ni mbili kweli.

Kwa wageni ipo amri maalumu ya Baraza la Serikali, namba 144 ya mwaka 1994, na kanuni zake mpya za utekelezaji zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2025. Amri hiyo inakuruhusu mengi kuliko anavyodhani dada yako. Unaweza kusali kanisani pamoja na Wachina. Unaweza kuingia nchini na vitabu vya dini vya kusoma mwenyewe. Wageni wanaweza kufanya ibada yao wenyewe mahali palipoidhinishwa. Mgeni anaweza hata kuhubiri, mradi amealikwa na chombo cha dini cha ngazi ya mkoa au taifa. Kisichoruhusiwa ni kuanzisha jumuiya ya dini, ofisi, mahali pa ibada au shule ya dini, kuweka viongozi wa dini, kuwatafuta raia wa Uchina wawe wafuasi, na kazi nyingine yoyote ya kimisionari. Sasa soma tena tangazo la mchungaji wako. Hakuna hata kipande kimoja cha kupanda kanisa kinachosalimika hapo. Na mgeni anayefanya shughuli zisizolingana na kibali chake anaweza kuamriwa kuondoka. Akifukuzwa rasmi, haruhusiwi kurudi kwa miaka 10.

Mimi nilifundisha Kiswahili huko kwa miaka kadhaa, na tangu nirudi nimekuwa nikizungumza na vijana wanaokwenda. Sijapata kuona mwanafunzi aliyeingia matatani kwa kumjibu rafiki aliyemuuliza mezani kwa nini anasali. Niliowaona wakiitwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ni wale walioanza kuandaa: ratiba ya kila Jumatano, kundi la mtandaoni, vitini, sadaka, mwenyekiti na katibu. Sisi Watanzania tuna ugonjwa wa kuunda kamati, na Uchina ndiyo nchi ya mwisho ambayo ningekushauri upeleke ugonjwa huo.

Ukifungua waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu, mstari wa 15, utakuta: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Mstari huo tunaupenda, ila huwa tunausoma kana kwamba Petro alisema tumkimbilie kila mtu kabla hajauliza. Anayezungumziwa pale ni mtu aliyeuliza. Petro alikuwa akiwaandikia watu waliotawanyika ugenini, walio wachache, wanaotazamwa kwa mashaka na wenye mamlaka. Sijui waraka mwingine unaomfaa zaidi Mkristo wa Iringa anayekwenda Jinhua.

Huenda mchungaji akasema huo ni woga, na kwamba wamisionari wa zamani wa Uchina, akina Hudson Taylor, hawakuomba ruhusa ya mtu. Mwambie historia ni ndefu kidogo. Ukristo ulifika Uchina mwaka 635, pale mtawa aitwaye Alopen alipoingia mji mkuu wa wafalme wa Tang, ambao leo ni Xi'an. Jiwe lililochongwa mwaka 781 kueleza habari hizo bado lipo kwenye jumba la makumbusho la mawe mjini humo, na likizo ikiruhusu nenda ukalione. Kwetu, mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Yaani habari za Kristo zilisomwa Uchina miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili kabla hazijasomwa Rabai, jirani na Mombasa. Wamisionari wa Kiprotestanti walianza na Robert Morrison aliyeshuka Guangzhou mwaka 1807, akatafsiri Biblia kwa taabu kubwa. Baada yake mambo yakachafuka. Waingereza walipigana na Uchina ili waendelee kuuza kasumba, yaani afyuni, wakashinda, na mikataba iliyofuata vita hivyo, hasa ile ya 1858 na 1860, ndiyo iliyowafungulia wamisionari njia ya kuingia mikoa ya ndani. Mchina aliona mzigo wa kasumba na mzigo wa Biblia vikishushwa bandarini chini ya mizinga ya bendera ileile. Mwaka 1900 waasi wa Kichina walioitwa Boxer walipoua wamisionari, waliua Wakristo wa Kichina wengi zaidi kwa hesabu ya kwamba ni vibaraka.

Hayo yasikushangaze wewe mtu wa Nyanda za Juu. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji walimuua Askofu Cassian Spiss akiwa safarini kwenye misioni zake, na hawakukaa kupambanua nani Mjerumani wa kodi na nani Mjerumani wa misalaba. Kwa hiyo ofisa wa Kichina akimtazama mgeni mwenye Biblia kwa jicho la pembeni, usidhani ni chuki ya Ukomunisti peke yake. Alifundishwa hilo darasani kama historia ya aibu ya taifa lake.

Wamisionari wote wa kigeni waliondoka miaka ya mwanzo ya 1950. Wengi Ulaya walidhani kanisa litakufa. Takwimu za serikali yenyewe za mwaka 2018 zinataja Waprotestanti zaidi ya milioni 38 na Wakatoliki milioni 6, na watafiti wengi huamini hesabu halisi inazidi hapo. Kanisa hilo lilikua bila wazungu na bila sisi. Na mkoa unaokwenda, Zhejiang, ndio wenye Wenzhou, mji ambao Wachina wenyewe huuita Yerusalemu ya Uchina. Ndugu yangu mchungaji akutumie kwanza salamu za kupeleka kwa Wakristo wa huko, ndipo afikirie kupanda.

Ujue pia kwamba Wakristo wa mkoa huo wana makovu mabichi. Kati ya 2014 na 2016 serikali ya Zhejiang iliondoa misalaba juu ya mapaa ya makanisa zaidi ya elfu moja, mengi yakiwa yameandikishwa kisheria. Kanisa kubwa la Sanjiang, Wenzhou, lilibomolewa lote Aprili 2014. Gu Yuese, mchungaji wa kanisa la Chongyi la Hangzhou ambalo huketisha maelfu, alipinga jambo hilo. Mwaka 2016 aliondolewa madarakani na kukamatwa. Alikuwa kiongozi wa kanisa lililosajiliwa, siyo la siri. Nakutajia hili kwa sababu utakutana na Waafrika wenzako watakaokuambia kanisa lililosajiliwa ni la serikali, halina Roho, usiende. Usilimeze neno hilo.

Sasa, utasali wapi? Jinhua kuna makanisa yaliyosajiliwa. Andika *jiaotang*, yaani kanisa, kwenye ramani ya simu, utayaona. Nenda Jumapili, kaa katikati, usikae mbele kama mgeni rasmi. Watakupisha, watakushikia kitabu cha nyimbo, mama mmoja atakupa maji ya moto hata kama ni Julai. Hutaelewa mahubiri mwaka wa kwanza, na yanaweza kuchukua saa nzima. Lakini nyimbo utazijua. Tuni zile mnazoimba Iringa zilipelekwa huko na watu wa aina ileile waliozileta kwetu, na ukiimba kwa Kiswahili chini chini wakati wenzako wanaimba Kichina, utaona noti zinakutana. Ningekuwa na ruhusa ya kukupa agizo moja tu, ningekuagiza hili: jifunze Kichina kwa bidii kuliko ufadhili unavyodai, na tumia kanisa hilo kama darasa.

Katika miji mikubwa kama Beijing, Shanghai na Guangzhou kuna ibada za wageni zilizoidhinishwa, na baadhi yake hukagua pasipoti mlangoni. Raia wa Uchina haingii. Usimkasirikie anayekagua, wala usimpitishe rafiki yako Mchina kwa ujanja. Ukifanya hivyo, ibada nzima inaweza kufungwa kwa sababu yako. Ukipita Guangzhou, lile kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kati ya 1863 na 1888, hujaa Waafrika Jumapili mchana kwenye misa ya Kiingereza. Wengi ni wafanyabiashara wa mitaa ya Sanyuanli na Xiaobei. Wewe si Mkatoliki, lakini hamu ya nyumbani haiulizi dhehebu.

Watanzania na Wakenya wa chuoni kwako watakukaribisha chumbani kwa mtu siku ya kuzaliwa, mtapika ugali wa unga uliotoka Yiwu, mtaimba, mtaombeana. Hiyo ni sherehe, kula na kuomba. Ila ikigeuka ibada ya kila Jumapili yenye kinanda, matangazo na kikapu, mmeshaanzisha mahali pa ibada bila kibali, na majirani wa ghorofa ya chini watawaambia. Waelewe. Mtaa wa Kichina una kamati yake, na ndani ya kamati kuna mtu mwenye dhamana ya majengo machache, anayejua nani amehamia, nani amejifungua na nani ana wageni. Watu wa umri wangu tuliokua na balozi wa nyumba kumi hatupati shida kuielewa mipangilio hiyo.

Makanisa ya majumbani yasiyosajiliwa je? Yapo, na ndani yake wapo waumini ambao sistahili kufungua kamba za viatu vyao. Wang Yi, mchungaji wa kanisa moja lisilosajiliwa la Chengdu, alikamatwa Desemba 2018 na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Wewe usiende huko, hata ukialikwa, isipokuwa wenyeji wenyewe wamelifikiria vizuri na kwa muda mrefu. Msichana mweusi akipanda ngazi za jengo fulani kila Jumapili saa tatu, mtaa wote unajua kuna nini ghorofa ya sita. Wao walikuwa wamekaa salama kwa kutoonekana, na wewe huwezi kutoonekana.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini. Wewe ukikosea utaonywa, au utapandishwa ndege. Utalia, utafika Iringa, mama atakupikia, na baada ya mwaka utakuwa na ushuhuda mzuri wa kusimulia kanisani. Rafiki yako Mchina hana ndege ya kupanda. Kama ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na wanachama wamepita milioni 100, haruhusiwi kuwa na dini. Kama anaomba kazi serikalini au anataka kuwa mwalimu, jina lake likiandikwa mahali pasipofaa linaweza kumfuata maisha yote. Wazazi wake, ambao pengine hawana mtoto mwingine, wanamtegemea yeye. Kwa hiyo kabla ya kumwambia lolote usilouliziwa, jiulize ni nani atakayelipa. Ujasiri ni kitu kizuri ukiwa wako. Kuwa jasiri kwa shingo ya mwenzako ni kitu kingine.

Ndiyo maana nina neno na wale watakaokudai taarifa. Usharika wako utataka kujua roho ngapi. Watakuomba picha. Siku moja utakuwa umekaa na msichana wa darasani kwako, ameshika Biblia yako anaitazama, jua limempiga usoni, na mkono wako utakwenda kwenye simu. Usipige. Ukipiga, usiweke kwenye hali ya WhatsApp ya mama yako, usimtumie mchungaji, usiandike jina lake wala mji wake kwenye barua ya maombi. Barua za maombi husomwa madhabahuni, ibada siku hizi hurushwa mtandaoni, na mtandao hauna mpaka wa Namanga. Waambie nyumbani: mwombeeni rafiki yangu. Mungu anajua ni yupi.

Kuhusu simu, mambo machache ya haraka. WhatsApp, Facebook, YouTube na Google hazifunguki huko kwa njia ya kawaida, kwa hiyo kabla hujaondoka mfungulie mama WeChat, maana ndiyo utakayotumia kwa kila kitu, hata kulipia nyanya sokoni. Pakua Biblia ya Kiswahili na nyimbo zako zikiwa nje ya mtandao. Kanuni za tangu Machi 2022 zinawakataza wageni na mashirika ya nje kutoa huduma za habari za dini mtandaoni ndani ya Uchina, hivyo usifungue kundi la WeChat la neno la kila siku, usisambaze mahubiri humo. Akaunti yako imesajiliwa kwa pasipoti yako, na ya rafiki yako kwa kitambulisho chake. Mambo ya moyoni zungumzeni mkitembea kando ya mto. Jinhua ina mto mzuri.

Sasa kuhusu kuishi, ambako ndiko ushuhuda wako mwingi utakakokuwa, upende usipende. Ukiulizwa dini kwenye fomu, andika Mkristo. Siyo kosa, na uongo ukianza kwenye fomu huwa haukomi. Kabla ya kula, sali kama kawaida yako, kwa ufupi, bila kufumba macho kwa dakika tatu chakula kikipoa. Mtu atakuuliza ulikuwa unafanya nini. Mjibu ukweli: nilikuwa namshukuru Mungu. Atauliza kama Mungu wako anasaidia kufaulu mitihani. Hilo ni swali la kweli kwa mtu aliyesukumwa na mitihani tangu utoto, usilicheke. Mwambie kwamba unaomba usiku wa mtihani na bado unasoma, na kwamba ukifeli hupoteza jina lako mbele za Mungu. Ukiona anataka kuendelea, endelea. Ukiona amehamia kwenye habari za simba wa Serengeti, hamia naye.

Watakuuliza pia umri, mshahara wa baba, kwa nini hujaolewa, na kama nywele ni zako. Mzee kwenye basi anaweza kukugusa mkono aone kama rangi inatoka. Wengine watakupiga picha bila ruhusa. Kuna siku utacheka na kuna siku utaingia chooni ulie. Sitakudanganya kwamba ubaguzi haupo: Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wamelipia, wakalala barabarani. Lakini yule mlinzi wa bweni, mama wa makamo utakayemwita *ayi*, ndiye atakayekupeleka hospitali ukiugua usiku. Msalimie kila asubuhi. Wachina wengi huona ajabu mwanafunzi akimsalimia mfagiaji, na sisi tumelelewa hivyo, hatuhitaji kujifunza.

Ungekuwa Msabato ningekuandikia ukurasa mzima juu ya nguruwe, kwa sababu Jinhua inajulikana Uchina nzima kwa paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na humo mjini nyama hiyo huingia hata kwenye supu ya mboga. Ukichoka, tafuta migahawa ya tambi ya Waislamu wa kaskazini-magharibi. Ni rahisi, ni safi, na wenyewe wanajua maana ya kuwa na dini ya wachache.

Mwezi wa nne itakuja Qingming, sikukuu ya kusafisha makaburi, na huenda rafiki akakualika kijijini kwao. Hapa sisi tuna neno la kusema kuliko Mzungu yeyote, kwa sababu mizimu tumeijua. Bibi yako anajua tambiko ni nini, na babu yako alilazimika kuamua. Kanisa Katoliki liligombana juu ya jambo hili tangu siku za Matteo Ricci, aliyefika Beijing mwaka 1601 na kuona heshima kwa wazee kuwa adabu ya kifamilia. Roma ikapiga marufuku katika karne ya 18, ikalegeza mwaka 1939. Sitakuamulia, ila nitakuambia nilichowaona Wakristo wengi wa Kichina wakifanya: wanakwenda na jamaa zao, wanang'oa majani, wanaosha jiwe, wanaweka maua, wanasimama kimya wakimshukuru Mungu kwa marehemu. Hawachomi fedha za karatasi. Mwenyeji wako akikupa kijiti cha ubani, unaweza kusema kwa adabu kwamba kwenu hamfanyi hivyo, ukashika ufagio. Kwenye ufagio ule ndipo nilipowahi kuulizwa swali zito kuliko yote: bibi yangu hakumjua Yesu wako, je, yuko wapi? Usimjibu kwa haraka. Sema ukweli kwamba nawe una bibi wa bibi yako ambaye hakumjua, na kwamba umemwachia Mungu unayemwamini kuwa mwenye haki na mwenye huruma. Maongezi yangu marefu zaidi juu ya Kristo yalianzia kwenye jibu hilo.

Ikitokea rafiki akataka kujua zaidi kwa dhati, na ana miaka 18 au zaidi, mwonyeshe mlango wa kanisa la Kichina. Huko atasikia kwa lugha yake, atabatizwa na mchungaji wa kwao, na wewe ukiondoka baada ya miaka mitatu hataachwa yatima. Mengine waachie wao.

Jambo moja usilifanye hata kwa bahati mbaya: kufundisha watoto. Utapewa kazi ya Kiingereza kwenye shule ya chekechea, fedha nzuri, mkononi. Kwanza, viza ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi bila kibali. Pili, ukiwafundisha watoto wimbo wa Zakayo umeingia kwenye elimu ya dini kwa walio chini ya miaka 18, ambalo ndilo eneo wasilolifanyia mzaha hata kidogo.

Mjomba ni kweli yuko jirani. Kwa treni ya kasi ni chini ya nusu saa. Nenda Yiwu mara moja kabla ya Desemba, uone soko lenye vibanda zaidi ya 70,000. Kuna korido nzima za nyota, malaika na kofia nyekundu. Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hutoka pale, pamoja na hayo ya Kariakoo, na baadhi ya wanaoyabandika gundi hawajui aliyezaliwa ni nani. Baadhi ya vyuo hukataza sherehe za Krismasi, kwa hiyo usiandae tafrija. Lakini muuzaji akikuuliza hivi vitu mnavitumia kwa ajili ya nini, ameuliza yeye.

Zimebaki Biblia za kwaya. Usizibebe. Ya kwako moja, ya Kiswahili, na ukitaka moja ya Kichina ya kujifunzia, inatosha. Boksi zima si matumizi binafsi, ni mgao, na forodha wanajua tofauti. Tena ni safari ya bure. Kiwanda cha Amity cha Nanjing kimeshachapa zaidi ya Biblia milioni 200 tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nyingi zikiwa za nchi nyingine. Tazama ukurasa wa mwanzo wa Biblia yako, huenda nayo ilizaliwa huko. Ni kweli kwamba Uchina Biblia haiuzwi kwenye maduka ya kawaida ya vitabu, na tangu 2018 iliondolewa kwenye maduka makubwa ya mtandaoni. Lakini kwenye kanisa lililosajiliwa inauzwa kwa bei ndogo, na rafiki yako anaweza kwenda kuinunua mwenyewe.

Kaa na kwaya, wasomee barua hii, mchungaji akiwepo. Kama watakubali, waombe fedha zile wakununulie koti zito na blanketi. Kusini mwa mto Huai majengo mengi hayapashwi moto kama ya Beijing, na Januari ya Jinhua inaingia hadi kwenye mifupa ya mtu wa Iringa anayejidai amezoea baridi.